Fundi wa Kupima Unyevu

Fundi wa kupima unyevu haongei akiwa amepiga magoti. Hupangusa vyuma vyake vitatu kwa pindo la shati, kimoja kimoja, kisha huvididimiza ardhini polepole. Kimoja kikitikisika tu, anavichomoa vyote na kuanza upya. Halafu hubonyeza namba kwenye kisanduku chake cha kompyuta kwa kidole kimoja, akizinong'ona. Mpigo wa umeme hushuka kwenye vyuma na kurudi. Ukichelewa, udongo una maji. Leo kisanduku kilisoma asilimia hamsini na nane, yaani maji tele, na mpunga wangu huu hapa umekauka ncha. Kamati ya mfereji ikiiona namba ile, zamu yangu ya maji ya mto Ruvuma atapewa mwingine.

"Mashine yako inasema uongo," nikamwambia.

Alikagua waya, akarekebisha namba, akapima tena. Hamsini na nane. Akachomoa chuma kimoja, akakilamba, akatema. Akakaa anautazama mfereji, kule unakochukulia maji ya mto, karibu na bahari.

"Chumvi ndiyo inayoidanganya, Mama Silvio," alisema, kwa sauti ileile ya kunong'ona namba. "Zamu yako ikifika, usifungue maji."