Mguu Ndani, Mpira Bado

Kuna harusi moja hapa mjini kwetu Kolin ambayo watu hawakumbuki bibi harusi alivaa nini wala keki ilikuwa na ladha gani. Wanachokumbuka ni shada la maua, lile ambalo msichana akilidaka, husemwa ndiye atakayefuata kuolewa. Bibi harusi aligeuka akalirusha nyuma, wasichana wakaruka kama kuku waliomwagiwa punje, na mmoja wao, dada yake Wendell yule dalali wa mnada, akaligusa, likamponyoka, likamgonga kidevu, na alipolikumbatia hatimaye alikuwa ameshalala juu ya meza ya juisi. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Arlen Kotas, aliyekuwa amekaa karibu na mlango na sahani yake, akainua mikono miwili bila hata kujua anafanya nini, akaipunga mbele ya kifua, kushoto kulia, kushoto kulia. Maana yake: hakudaka.

Yule dada hakumsalimia tena mpaka alipopata mume, na ilichukua muda.

Ndivyo alivyo Arlen. Siku za kazi anapima malori ya mahindi kwenye mizani ya ghala la ushirika. Msimu wa mpira wa Kimarekani, ule wa kurusha na kudaka kwa mikono, ukifika, kila Ijumaa anavaa fulana ya milia inayomfanya afanane na pundamilia aliyestaafu, anakwenda kwenye miji ya watu kuchezesha mechi za shule. Yeye ni refa wa nyuma, yule anayesimama peke yake kwenye eneo la bao kama mtu aliyeachwa na basi. Wenzake wanakimbia, wanapuliza filimbi, wanatenganisha vijana waliorundikana. Yeye anangoja. Mechi nzima anaweza asifanye lolote, halafu mpira mmoja unakuja juu, vijana wawili wanaurukia, na watu wote uwanjani wanageuka kumtazama yeye.

Sheria ya shule yenyewe haina makuu. Ili liwe bao, mdakaji awe ameushika mpira sawasawa, si kuugusa, si kuupapasa, wakati mguu wake, hata mmoja tu, uko chini ndani ya mstari. Wachezaji wa kulipwa, wale wa kwenye televisheni Jumapili, ndio wanaodaiwa miguu miwili. Huku kwetu kila mtu ni wakili wa Jumapili, kwa hiyo Arlen ameshatukanwa kwa miguu miwili maisha yake yote na hajawahi kujibu. Mkewe, Jolene, ndiye aliyekuwa akimjibia. Alikuwa anakaa kwenye kiti cha kukunja kando ya uwanja, na ukimtukana Arlen, ulikuwa unapewa majibu yako na chenji juu.

Jolene alifariki majira ya baridi ya mwaka juzi. Tangu hapo Arlen anaijua sauti ya friji lake kuliko sauti ya binadamu yeyote. Kilichombakia ni meza ya duara pale kwenye mgahawa wa Twyla, Jumamosi asubuhi, pamoja na Delmar Hruska, Wendell dalali na wazee wengine wawili watatu wanaokuja mahindi yakiwaruhusu. Pale hawazungumzi jambo la maana hata moja. Wanasemana. Wanalaumu mvua. Arlen akitoka pale anakuwa ameshasikia sauti za kutosha kumfikisha Jumamosi nyingine. Ukimwondolea meza ile, umembakizia friji.

Na ndiyo maana Ijumaa ile hakutaka kuchezesha.

Refa wa Kolin hachezeshi mechi ya Kolin, hilo linajulikana. Lakini marefa wamekuwa adimu siku hizi, na refa wa nyuma aliyepangwa alikuwa kitandani na mgongo wake. Kocha wetu akapendekeza Arlen. Kocha wa Arden, wageni, alipoulizwa kama anamkubali mtu wa Kolin, alicheka.

"Kotas? Huyo angempiga faini mama yake mzazi siku ya Krismasi. Mleteni."

Mechi ilichezwa mchana kwa sababu uwanja wetu hauna taa. Wachezaji wanane kila upande, maana shule haina vijana wa kufika kumi na mmoja, na mwakani hata hao wanane watakuwa wa Arden, shule zikishaunganishwa. Kwa hiyo ukishinda, Kolin inaendelea kwenye mtoano. Ukishindwa, unarudisha stoo jezi pamoja na jina lenyewe. Mji mzima ulikuja. Pikapu zilipangwa kuuzunguka uwanja, pua zikitazama ndani, na watu wakabaki humo na vipasha joto vyao, maana huku hatupigi makofi. Tunapiga honi.

Zilibaki sekunde za kurusha mpira mara moja tu. Tulikuwa nyuma kwa pointi mbili, na bao moja ni pointi sita. Mrushaji wetu akakimbia kulia, akakosa mtu, akarudi, akaurusha mpira juu sana kuelekea kona ya eneo la bao. Huko alikuwa Trace Hruska, mjukuu wa Delmar, kijana mrefu kama ngazi, na beki wa Arden amemng'ang'ania kama kupe.

Trace akaruka juu yake. Mpira ukaingia mikononi, ukatoka. Ukagonga kofia yake ngumu, ukapanda begani. Mguu wa kulia ukatua ndani ya mstari, kwenye majani, hapana ubishi, ukanyanyuka. Mpira ulikuwa bado unamponyoka. Akaubana kifuani akiwa hewani, akaanguka na bega nje ya mstari, akabingirika, akasimama nao.

Honi zikalia. Pikapu zote kwa pamoja, mpaka ndege wakaruka kutoka kwenye paa la ghala. Kuna waliokuwa wameshashuka na wanakumbatiana.

Arlen alikuwa hatua chache kutoka pale. Aliona mikono, akaona mguu, akaona mikono tena. Wakasema baadaye kwamba alisita. Hakusita. Alingoja kidogo tu, kama anavyongoja sindano ya mizani itulie, kisha akainua mikono akaipunga mbele ya kifua. Kushoto kulia.

Honi zilikufa moja moja. Ya mwisho ilikuwa ya bibi mmoja asiyesikia vizuri, na mwanawe ilibidi amshike mkono.

Trace alimtazama Arlen. Hakubisha. Aliuweka mpira chini akaondoka.

Delmar alikuwa ameshafika kwenye uzio Arlen alipokuwa akienda kwenye gari lake. Wamejuana tangu wakiwa na meno ya utotoni.

"Mguu ulikuwa ndani, Arlen."

"Ulikuwa ndani."

"Nimeuona kwa macho yangu."

"Na mimi nimeuona, Delmar. Ulikuwa ndani kabisa."

"Sasa wewe ulikuwa unapunga nini pale? Nzi?"

"Mpira alikuwa hajaushika. Alipokuja kuushika, mguu ulishaondoka."

Delmar akauachia uzio. "Miaka yote hii," akasema, "nimekula na wewe meza moja." Akageuka akaenda zake.

Jioni Arlen alipasha supu nzito ya nyama na maharage, akaila nusu. Skonzi la mdalasini ambalo huku tunalila pamoja na supu hiyo, asikudanganye mtu, aliliacha kwenye mfuko. Aliufikiria ule mpira mara nyingi na kila mara ulikuwa hewani. Hilo halikumsumbua. Lililomsumbua ni kesho asubuhi. Akienda kwa Twyla na meza ikampa mgongo, hatakuwa na sura ya kurudi Jumamosi nyingine. Asipoenda, ni kama amekiri, na Jumamosi ya kwanza kuikosa huwa inazaa ya pili.

Asubuhi alinyoa ndevu, akaenda.

Mgahawa ulikuwa umejaa, na ulinyamaza kwa adabu, jambo ambalo ni baya kuliko kelele. Kwenye meza ya duara walikuwepo Delmar na Wendell. Kiti cha Arlen kilikuwa na koti la Delmar juu yake.

"Kuna mtu hapa?" Arlen akauliza.

"Kuna koti," Delmar akasema.

"Linakunywa kahawa?"

"Linakunywa. Na linajua mguu ni nini."

Arlen akabaki amesimama, kofia mkononi. Twyla, mwenye mgahawa, akapita na birika akamjazia kikombe akiwa wima vilevile, kama mtu aliyekuja kutoa taarifa za kifo.

Wendell akatoa simu. "Mpwa wangu alipiga picha. Tazameni. Mguu, huo hapo. Ndani. Mchana kweupe."

"Na mikono?" Twyla akauliza juu ya bega lake.

"Mikono imezibwa na mgongo wa yule wa Arden."

"Basi amepiga picha ya kiatu, Wendell."

Watu wa meza ya jirani wakacheka, na Delmar hakupenda. Akasimama. Ana magoti mabovu na tumbo linalotangulia, lakini akasogeza viti, akasimama kwenye mpaka pale ambapo zulia la mlangoni linaishia na sakafu ya vigae inaanza.

"Zulia ni ndani, vigae ni nje. Wendell, nirushie mfuko ule wa mikate."

"Mikate yangu hiyo," Twyla akasema.

"Nitailipia. Rusha."

Wendell akarusha. Delmar akaudaka mfuko vizuri, mguu mmoja juu ya zulia, mwingine umekunjwa kama korongo. Mgahawa ukashangilia. Mtu akapiga honi kwa mdomo.

"Mmeona? Mguu mmoja. Bao."

"Bao safi kabisa," Arlen akasema.

Delmar hakutegemea hilo. "Kumbe unalijua."

"Kwa ulivyodaka wewe, ningekupa mchana na usiku. Trace hakudaka hivyo. Ulimgonga kofia kwanza."

"Haya. Wendell, rusha tena. Nitaugonga kichwani, halafu mtaona."

Mfuko ukaja. Delmar akaupiga kwa kiganja, ukamgonga paji la uso, ukapanda juu. Mguu wake ukakanyaga zulia. Mwili, ambao una uzito wake na akili zake, ukaendelea na safari. Alipoubana mfuko kifuani alikuwa ameegemea mashine ya soda, miguu yote miwili kwenye vigae, na mikate miwili imemtoka kwapani.

Delmar akaangalia chini, akaangalia zulia, ambalo sasa lilikuwa mbali.

"Sakafu ya Twyla inateleza," akasema.

"Sakafu yangu haina lolote," Twyla akasema. "Rudisha mikate."

Hapo mgahawa mzima ukacheka, na Wendell akacheka mpaka akaweka simu chini. Arlen hakucheka. Alikuwa anamtazama Delmar akirudi kwenye kiti chake polepole, akishika migongo ya viti vya watu. Mzee akakaa. Akazungusha kikombe.

"Kijana mwenyewe aliniambia jana," akasema, bila kumtazama mtu. "Wakati wa kula. 'Babu, sikuwa nao. Nilikuwa bado naukimbiza.'"

Wendell akageuka. "Jana? Na asubuhi yote hii umetuweka hapa tunaangalia kiatu?"

"Nilikuwa nimeshanuna, Wendell. Nimenuna mbele ya mji mzima. Ningefanyaje, nikanunue tabasamu dukani?" Akakohoa. "Halafu ilikuwa mechi ya mwisho. Mimi nilivaa jezi ile. Baba yake aliivaa. Nilitaka iishe kwa honi."

"Hata mimi," Arlen akasema.

Delmar ndipo alipomtazama. Huenda hakuwa amefikiria kwamba na huyu naye ni mtu wa Kolin, kwamba na yeye alikuwa amesimama pale kwenye kona, peke yake, akitaka mpira ule ushikwe.

"Ungeweza kutupatia lile bao," akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka. "Nani angejua?"

"Trace."

Delmar akavuta koti lake kutoka kwenye kiti, akalikunjakunja, akakosa pa kuliweka, akalikalia. Arlen akakaa. Kahawa ilikuwa imepoa, akainywa hivyohivyo.

Wendell akaanza kueleza bei ya trekta moja lililouzwa Alhamisi, akimlaumu mnunuzi, na muuzaji, na mwisho trekta lenyewe. Walipokuwa katikati ya hadithi hiyo Delmar akainama upande wa Arlen.

"Kesho baada ya kanisa tunatenga ndama na mama zao. Sina mtu wa kusimama langoni."

"Trace je?"

"Trace atawaswaga. Nataka mtu wa lango. Ng'ombe mkubwa abaki, ndama apite. Mtu asiyebabaika."

"Nitakuja."

"Njoo na glavu. Na ile fulana yako iache nyumbani, utawatisha."

"Chakula kipo?"

"Mke wangu anapika kuku. Amekukasirikia, nakwambia mapema. Yeye hajasikia habari ya zulia, na mimi simwambii."

"Atanipa paja?"

"Atakupa shingo," Delmar akasema. "Ule unyamaze."