Huyu wa Kizazi cha Nne

Mtu aliyekaribia kuvunja uchumba wa Deo kwa simu moja ni mimi, na nalisema mwanzoni kabisa ili asije mwingine akawasimulia kwa kuongeza chumvi, maana habari hii imeshazunguka Moshi nzima na kila inapopita inanenepa.

Deo ni mdogo wangu wa tumbo moja. Alikuwa anamchumbia Prisca, mwalimu wa shule ya msingi kule Chekereni, ambaye kwao ni Kibosho, na Prisca amemzidi Deo miaka kadhaa. Kwetu sisi hilo halikuwa neno, lakini kwao lilikuwa kidonda, kwa sababu baba yake aliogopa kwamba iko siku upande wetu utakuja kumsimanga binti yake kwamba ni mzee. (Likumbukeni hilo, ndilo lililonimaliza.)

Sasa Prisca anajiendeleza kimasomo na alimwomba Deo amtafutie laptop, na kwa kuwa mimi ndiye mtaalamu wa kompyuta wa ukoo (sijasomea popote, niliwahi tu kumrudishia shangazi picha zilizopotea kwenye simu, basi cheo kikanikaa), nikapewa kazi ya kuchagua. Kwa Rama, fundi anayeuza laptop zilizotumika pale Njoro, zilikuwepo mbili. Moja ilikuwa na prosesa ya i7 ya kizazi cha nne, nyingine i5 ya kizazi cha nane, na wenyewe wakisema kizazi wanamaanisha toleo. Mtu asiyejua anakimbilia saba kwa sababu saba ni kubwa kuliko tano. Lakini ile i7 ilikuwa ya zamani, ina viini viwili tu, inakula betri, inachemka, na feni yake inalia hata ukifungua barua pepe. Ile i5 ina viini vinne, imetulia, inakaa na chaji, mifumo mipya inaikubali, na bei yake ilizidi kidogo tu. Hapo hata ubishi haupo, ila Rama alikuwa na hamu ya kuiondoa ile i7 dukani, kwa hiyo tukawa tunabishana wiki nzima.

Na hapa niwaambie ugonjwa wangu: mimi mashine nazitaja kama watu. Gari langu ni "huyu", friji ni "huyu bibi", laptop ni "huyu mzee" au "huyu kijana", na Rama naye ni hivyo hivyo, tukikaa kibarazani kwake utadhani tunasengenya majirani.

Siku ya kupeleka posa tukapanda Kibosho, mimi, Deo, baba mdogo Silvesta ambaye ndiye alikuwa mshenga, na mbege yetu, pombe ya ndizi. Baba mdogo alituambia tuzime simu. Mimi nikaiweka kwenye mtetemo. Uamuzi wangu ulikuwa huo tu, mdogo hivyo.

Tukapokelewa vizuri, baba yake Prisca akaipokea kata ya mbege, akaonja, akamwambia baba mdogo aseme kilichotuleta, na baba mdogo alikuwa ndiyo kwanza anazunguka mbali kama wasemavyo washenga ("tumeona ua zuri bustanini kwenu") simu ikaanza kunitetemekea mfukoni. Rama. Nikajua amepata mteja wa ile i5 na anataka kunibebesha ile i7. Nikajifanya naenda kujisaidia, nikatoka hadi kwenye migomba nyuma ya nyumba, na kwa kuwa mtandao kule unasuasua, ikabidi nipaze sauti. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta wa mbao, na nyuma ya ukuta huo, jambo ambalo sikulijua, kulikuwa na jiko, na jikoni walikuwemo akina mama wote wa ukoo wa Prisca wakipika machalari, ndizi na nyama.

"Rama, usinidanganye na jina!" nikasema. "Jina kubwa lakini mzee huyu! Kizazi chake kimepitwa! Ukimpa kazi kidogo tu anahema, anachemka! Sisi tubebe mzee wa nini, wakati tukiongeza kidogo tunampata yule mdogo wa hapo Njoro, mpole, ana nguvu? Deo nitamwambia mwenyewe. Huyu tunaachana naye!"

Nikakata simu.

Akatoka jikoni mama mkubwa wa Prisca, mwiko mkononi.

"Baba, unamwongelea nani?"

Jamani, mngekuwa ninyi mngefanyaje? Nilijiona nikianza kumweleza mambo ya prosesa na viini, nikaona atadhani namlaghai, nikatafuta kitu chepesi ambacho mama yeyote wa mlimani atakielewa.

"Mbuzi, mama," nikasema. "Nilikuwa naongelea mbuzi."

Mama mkubwa akaniangalia, akarudi ndani. Na mimi nilipofika sebuleni (niliizunguka nyumba taratibu, nikijipa moyo kwamba yameisha), habari zilikuwa zimeshatangulia, tena mbili. Nusu ya jiko ilisema nimemwita Prisca mzee asiye na kizazi. Nusu nyingine ilisema tumewaandalia mbuzi wa mahari aliyechoka, na kwamba mbuzi mzuri tumemficha Njoro. Baba yake Prisca alikuwa ameiweka kata chini. Kwa anayejua kwetu, mzee akiiweka kata chini mazungumzo yakiwa katikati, basi mshenga huanza kutafuta kofia yake.

"Hebu tueleze," akasema, wala hakupandisha sauti. "Ni binti yangu au ni mbuzi?"

"Ni kompyuta, baba."

"Kwanza binti, halafu mbuzi, sasa kompyuta." Akamgeukia baba mdogo. "Silvesta, hawa ndio watu uliotuletea?"

Deo alikuwa ameinamisha kichwa. Sijawahi kumwona mdogo wangu hivyo, hata tulipomzika mama alikaa wima. Nikaona aibu hadi masikio yakawaka, na kwa aibu hiyo hiyo nikafanya la kufungia kazi: nikasema nampigia muuzaji, mumsikie wenyewe. Nikaweka spika.

Rama hakusubiri hata salamu. "Kaka, usimwache huyu mzee! Nimemfungua mgongo, nimempaka dawa mpya, hachemki tena! Mwenyewe mmoja tu ndiye aliyemtumia kabla yako!"

Bibi yake Prisca, kwenye kiti chake cha pembeni, akafanya ishara ya msalaba.

Mlango wa ndani ukafunguliwa. Kwa desturi mchumba hatoki mpaka aitwe, lakini Prisca alitoka, akaja akainamia simu iliyokuwa kwenye meza.

"Kaka Rama, prosesa gani hiyo?"

"I7, dada. Kizazi cha nne."

"Mimi nilimwambia Deo nataka ya nane," akasema, akakata simu. Kisha akamwambia baba yake, "Baba, ni laptop. Niliiomba mimi."

Watu wakashusha pumzi. Mama mkubwa akaanza kucheka, akajizuia. Lakini mzee hakuigusa kata. Alisema neno limeshatamkwa kwenye kihamba chake, shamba la ukoo, na waliolisikia ni wengi. Baba mdogo akaelewa kabla yangu, akatoka hadi kwenye uzio, akachuma jani la isale, akanipa. Kwetu ukiombwa radhi kwa isale ni vigumu sana kukataa. Nikapiga magoti mbele ya mzee.

"Usinipe mimi," akasema. "Hukunisema mimi."

Nikageuka na magoti yangu hadi kwa Prisca, nikamnyooshea lile jani kwa mikono miwili. Hakulipokea mara moja.

"Shemeji," akaniuliza taratibu, "na mimi ni wa kizazi cha ngapi?"

Alikuwa anatabasamu, lakini macho yake yalikuwa yamelowa, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba kule chumbani alisikia yote, na kwa muda wote ule kabla sijaitaja kompyuta aliamini kwamba ni yeye. Nilisema, "Nisamehe, Prisca," bila shemeji wala utani, naye akalipokea. Mzee akaokota kata, akanywa, akampa Deo.

Walishaoana. I5 ya kizazi cha nane iko kwao na haijawahi kulalamika. Bibi nikimwamkia shikamoo, ananijibu marahaba na kuniuliza yule mbuzi wa Njoro anaendeleaje. Ile i7 ilikosa mteja, nikaichukua mimi, na ndiyo hii ninayoandikia sasa, feni inalia, mapaja yanaungua. Nimechoka naye.

Nayo. Nimechoka nayo.