Kufuli la Bweni la Wasichana

Nilirudi Maskat, mji wa babu zangu, na begi moja la nguo. Nilibeba maboksi katika ghala moja la Rusayl, kwenye eneo la viwanda, jioni nikasoma, nikapata diploma ya usalama na kinga ya moto. Hakuna mjomba aliyenipigia simu kwa mkubwa yeyote. Leo ghala lile lile haliwashi mashine mpya mpaka nitie saini. Moto naujua, sibahatishi.

Ijumaa moja baada ya sala nilimpelekea binti yangu pilau kwenye bweni la chuo chake. Siku hiyo wazazi huruhusiwa kupanda mpaka vyumbani. Nilipofungua mlango wake, ghorofa ya tatu, nikapokewa na moshi wa udi. Chetezo kilikuwa juu ya zulia, makaa mekundu, na abaya mbili zimening'inia juu yake zikifukizwa. Nikatazama dari. Kile kidude kinacholia kikinusa moshi kilikuwa kimevalishwa kofia ya plastiki ya kuogea, ikakazwa kwa mpira wa nywele.

"Nani kafanya haya?"

"Sote, baba," alisema binti yangu. "Kila tukijifukiza kinapiga kelele, jengo zima linashuka chini."

Mwenzake wa chumbani akacheka. "Kidude chenyewe hakijui udi, baba. Kinadhani tunaungua."

"Na siku mkiungua kweli, mtapita wapi?"

Nikaenda mpaka mwisho wa ukumbi, kwenye mlango wa dharura unaotokea ngazi za nje. Mnyororo na kufuli! Wasichana wa ghorofa nzima wameachiwa ngazi moja ya ndani. Ghalani kwangu hata magunia ya mchele yana milango miwili.

Nikamwita mlezi wa bweni, mama wa makamo aliyekulia Unguja.

"Bibi, fungua kufuli hili sasa hivi."

"Ufunguo nnao, ruhusa sina," alisema. "Wazee wenyewe ndio walotaka mlango ufungwe, mabinti wasitoroke kwa nyuma."

"Mzee gani huyo asiye na akili?"

Alishuka ofisini kwake, akarudi na karatasi. Lilikuwa ombi la wazazi, na saini ya pili ilikuwa yangu.

Nikaikumbuka siku ya kuandikisha. Akina baba tumepanga foleni, karatasi inapita mkono kwa mkono, na kila mmoja anaogopa kuonekana hamlindi binti yake. Nilisaini bila kumaliza kusoma. Mfanyakazi wangu akifanya hivyo, namfukuza.

Nikatoa kalamu, nikaikata saini yangu kwa mistari miwili.

"Ukibaki mlango huu umefungwa, mwanangu naondoka naye leo, na kila baba aliyesaini hapa nitampigia simu nimwambie kwa nini."

"Watasema huna haya na mtoto wa kike."

"Waseme, mtoto wangu akiwa hai."

Alinitazama, akamtazama binti yangu aliyesimama nyuma yangu, kisha akatoa ufunguo. Mlango ulikuwa umeshika kutu. Tuliusukuma kwa mabega, mimi na yeye. Chetezo nikakitoa chumbani kwa mkono wangu, nikakiweka kwenye ngazi za nje, na kofia ya plastiki nikaitupa.

Kufuli niliondoka nalo. Liko mezani kwangu Rusayl, chini ya diploma yangu ukutani. Akina baba watatu wameshanipigia simu kwa hasira, wanataka nilirudishe. Silirudishi.