Tangazo la Mama

Kwa miaka sita nilikuwa katibu wa habari wa baraza la mtaa wetu, hapa Kisenyi, Kampala. Kila asubuhi na kila jioni nilipanda ngazi za mbao nyuma ya duka la fundi cherehani, nikaingia kwenye kichumba chenye maikrofoni, nikasoma matangazo. Vipaza sauti vinne vilivyofungwa juu ya nguzo vilipeleka sauti yangu hadi kwenye gereji na maduka ya jumla. Nilisoma kwa Kiganda, kisha kwa Kiswahili, kwa ajili ya Wakongo, Wasomali na sisi tuliozaliwa katika kambi ya askari. Maji yatakatika Jumatano. Lori la taka linakuja kesho, msimwage taka mtaroni. Watoto wapelekwe chanjo. Fulani amefariki, maziko ni baada ya sala ya adhuhuri. Na mara nyingi, mtu amepotea: amevaa hivi, alionekana mara ya mwisho pale, atakayemwona amwarifu mwenyekiti. Ya waliopotea niliyasoma kwa sauti ileile ya taka. Sikuwa na roho mbaya. Yalikuwa mengi tu.

Mama yangu alikuwa akiishi nami. Alikuwa Mkakwa kutoka kaskazini-magharibi, karibu na mpaka. Baba, Mnubi, askari, alimwoa akiwa msichana mdogo akamleta kambini Kampala, na kambini lugha ilikuwa Kiswahili. Kwa Kiswahili alitulea, akatugombeza, akatuombea dua. Kikakwa nilikisikia tu alipokuja mgeni wa kwao, na sikuwahi kuona haja ya kujifunza.

Miaka mingi baada ya baba kufariki, mama akaanza kusahau. Kwanza sufuria jikoni, kisha majina ya wajukuu. Halafu ikawa anakaa mkekani mlangoni, ananitazama nikipita kama anayejaribu kukumbuka tulionana wapi.

Alhamisi moja baraza liliandikisha wazee. Hadi saa nne walikuwa wamefika wachache, mwenyekiti akanituma nirudie tangazo. Nilimwachia mama kikombe cha chai, nikamwambia, "Mama, kaa hapa, narudi sasa hivi."

Nikapanda, nikasoma mara tatu. Na kwa kuwa nilitaka watu waje, nililainisha sauti. "Wazee wetu, tokeni, njooni. Tunawangoja. Mama zetu, njooni."

Niliporudi, mkeka ulikuwa mtupu na chai haijaguswa.

Jirani yangu anayeuza makaa alinyanyua kichwa. "Hajjati ametoka. Nilimuuliza anakwenda wapi, akasema binti yake anamwita." Akanitazama vizuri. "Si ulikuwa unaita?"

Nilikimbia hadi uwanja wa baraza. Hakuwapo. Nikasimama katikati ya barabara, na hapo ndipo nikaelewa: vipaza sauti vilikuwa vinne, kila kimoja kimeelekea upande wake. Sauti yangu ilimwita kutoka pande zote, naye angejuaje nilipo?

Jioni ile nilisoma tangazo lake. Niliandika mwenyewe: bibi wa miaka sabini na kitu, mwembamba, amevaa kitenge cha kijani na mtandio mweupe, ana kovu la moto kwenye mkono wa kushoto, anazungumza Kiswahili na Kiganda. Nilipofika kwenye neno "kovu" sauti ikakatika. Kovu lile alilipata siku aliponivuta nisiangukie jiko. Mwenyekiti akachukua karatasi mkononi mwangu akamalizia yeye, kisha akalituma tangazo kwa simu kwenye mabaraza mengine ya mjini.

Siku mbili nilizunguka. Katwe, kati ya watu wanaochomelea masufuria na mageti, nilipiga kelele ili nisikike: mmemwona bibi? Walizima mashine kwa heshima, wakatikisa vichwa. Polisi waliandika kwenye daftari. Hospitalini mtu mmoja, bila kunitazama usoni, aliniambia ni vizuri niangalie na kule nyuma. Niliangalia. Katika chumba cha maiti kulikuwa na bibi mmoja, si wangu, na nilipomwona nilisema Alhamdulillahi kwa sauti. Mpaka leo naona haya. Alikuwa mama wa mtu.

Nilirudi nikaketi kwenye ule mkeka, nikajiambia kwamba nimemuua kwa mdomo wangu.

Jumamosi alasiri simu ikalia. Alikuwa katibu wa baraza moja la Kawempe.

"Nyabo, sisi tuko na jajja mmoja, bibi mzee, hapa tangu juzi. Lakini nafikiri si huyo wako. Wako anajua Kiswahili na Kiganda. Huyu hajui hata kimoja. Anasema kitu ambacho hapa hakuna anayesikia."

"Mbona umenipigia, basi?"

"Mke wangu alikuwa anamnawisha mikono sasa hivi. Ameona kovu."

Walikuwa wamelipata tangazo langu usiku uleule wa Alhamisi. Walilisoma, wakamtazama bibi aliye mbele yao, wakasema siye, kwa sababu mimi mwenyewe niliandika lugha anazosema.

Nilipanda bodaboda. Alikuwa ameketi kwenye benchi barazani mwa ofisi yao, miguu imevimba, kitenge kimejaa tope hata kijani chake hakionekani, mtandio hana, kichwani amefungwa kanga ya mtu mwingine. Nilipiga magoti mbele yake nikamshika miguu.

"Mama. Ni mimi. Twende nyumbani."

Aliivuta miguu yake akaificha chini ya benchi. Akasema maneno mengi kwa haraka, akitazama juu ya kichwa changu. Sikuelewa hata moja. Nilijaribu Kiswahili, nikajaribu Kiganda, nikamsomea Fatiha. Katibu akaona nimeanza kulia kama mtoto, akaniuliza mama ni wa kabila gani; nikamwambia Mkakwa, akatoka. Akarudi na mlinzi wa ghala la saruji lililokuwa jirani, mtu mzima, Mkakwa.

Mlinzi alichuchumaa akamsalimia. Uso wa mama ukafunguka kama wa mtu aliyetolewa majini. Walizungumza kitambo.

"Anasema anamngoja mama yake," mlinzi aliniambia taratibu. "Anasema tusiruhusu watu wa kambini wamchukue. Bado mdogo, anasema. Hataki kwenda."

Nilikuwa nimeishi naye miaka hamsini na mbili. Sikuwahi kujua kwamba hakutaka kwenda.

"Nifundishe kusema twende nyumbani," nilimwomba.

Akanifundisha. Nilisema, vibaya. Mama akanitazama kwa mara ya kwanza, akacheka, akalisema lile neno sawasawa ili nimfuate. Nikarudia. Akanirekebisha tena. Tuliendelea hivyo hadi akachoka kunifundisha, akanipa mkono nimwinue.

Aliishi miezi tisa baada ya hapo. Kiswahili hakikurudi. Ukatibu niliuacha, ila kabla ya kuondoka nilimwachia aliyenifuata agizo moja: mzee akipotea, ulizeni kwanza alizungumza lugha gani utotoni.

Yule mlinzi alikuwa akija siku za Ijumaa baada ya sala, anaketi na mama mkekani, wanazungumza mambo ya huko kwao. Mimi nawamiminia chai, nikiokota neno hapa na neno pale. Ijumaa moja mama alinitazama muda mrefu nikiwa nimeshika birika, akamnong'oneza.

"Anasemaje?" nikauliza.

Mlinzi aliinamisha kichwa. "Anauliza kama huyu mama anayetumiminia chai ana mama yake."

Nikamwambia amjibu kwamba ninaye.