Siti Aliyokalia Mama Mkwe

Iko siku moja ambayo haijanitoka kichwani, Masanja mwanangu, na tangu uliponipigia simu kusema umepata kazi ya mapokezi kwenye yadi ya magari huko Geita, imenirudia kila asubuhi. Najua sina mvi za kutosha kutoa nasaha. Lakini baba yako ni kaka yangu, mimi ni baba yako mdogo, na jambo lenyewe linahusu kazi unayoianza Jumatatu. Kwa hiyo nivumilie.

Lile gari letu la kijivu unalifahamu. Lilikuja kutoka Japani likiwa limetumika, tukalinunua kwenye yadi moja ya Kahama, upande wa Nyasubi, kwa sababu ya mama yake Minza, mke wangu. Mama mkwe alikuwa ameanguka shambani kwake Ushetu, goti likagoma kukunja, na kupanda bodaboda kukawa mateso. Siti ya mbele ya gari lile ilikuwa inasogea nyuma mpaka mguu unanyooka vizuri. Tuliyaacha magari mengine kwa ajili ya siti hiyo.

Siti hizo zina hita ndani. Kwa Wajapani wenye theluji naelewa, mtu anabonyeza swichi anakalia joto. Kahama mtu anaitaka ya nini? Muuzaji mwenyewe alicheka akinionyesha swichi yenye maandishi tusiyoyajua. "Hii huku haina kazi, msomi," akaniambia. Kumbe ilikuwa inafanya kazi bila kuagizwa.

Minza ndiye aliyegundua kwamba siti inaunguza. Mimi unanijua, simwamini mtu hata nikiwa nimelala naye chumba kimoja. Asubuhi mapema, gari likiwa kivulini, nikawasha injini, swichi ikiwa imezimwa, nikakaa upande wa dereva. Baridi. Nikahamia upande wa abiria, na baada ya muda mfupi nikahisi kama nimekalia pasi. Nikazima injini, ikapoa. Nikawasha, joto likapanda tena. Jua halijui kama injini imewashwa au imezimwa, mwanangu. Huo ulikuwa umeme.

Nikaenda yadi. Meneja, kijana wa rika langu mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, hakuinuka kwenye kiti chake.

"Hilo ni joto la Kahama," akasema. "Siti ni ya ngozi, gari linashinda juani."

"Nimelijaribu alfajiri."

"Ndugu yangu, wachimbaji wa dhahabu wa Rwamgasa wamechukua magari kama hayo hapa hapa, hakuna aliyelalamika. Wewe tu."

Nikamwambia mtu anayetoka shimoni hata akikalia jiko ataona amepumzika. Vijana wake wakacheka, yeye hakucheka. Nikasema basi nitang'oa fyuzi mwenyewe nyumbani. Hapo ndipo alipochangamka. "Ukigusa waya wowote, waranti imekufa." Ona ujanja huo. Hataki kutengeneza, na wewe ukitengeneza umekosa.

Niligoma kuondoka, ndipo wakalichukua gari wakakaa nalo. Waliponirudishia walisema wamebadilisha swichi na kukagua nyaya zote. Nikakaa kwenye siti ile ile, Minza akaniendesha tukazunguka Nyasubi yote. Ilikuwa baridi kabisa. Nikaamini. Baadaye ndipo ilipojulikana kwamba walichomoa waya mmoja wakauacha unaning'inia chini ya siti, bila hata kuufunga. Hawakubadilisha kitu. Barabara ya vumbi ya Ushetu ilipotutikisa, ule waya ukagusa pale ulipotoka.

Na safari hiyo aliyekuwa amekaa hapo ni mama mkwe.

Wewe umekulia Mwanza mjini, labda hujaona heshima ya wakwe inavyokwenda kijijini. Mama mkwe wangu hanitazami usoni. Akitaka kuniambia kitu anamwambia Minza, "mwambie mumeo," hata kama mimi nimesimama hapo hapo nasikia. Kukaa tu karibu nami kwenye siti ya mbele lilikuwa jambo zito kwake, alilikubali kwa sababu ya goti. Nilipokuwa chuo nilikuwa naibishia mila hii kwa sauti kubwa. Mbele ya mama huyu sijawahi kubisha neno. Mimi ninayehoji kila kitu, kuna mtu mmoja ambaye sina ruhusa ya kumuuliza lolote kuhusu mwili wake, naye hana ruhusa ya kunijibu.

Kwa hiyo siku hiyo, tukimpeleka kliniki kwa ajili ya goti, kutoka Ushetu mpaka Kahama mjini alijifunika khanga akaegemea mlango. Minza akiwa nyuma akamuuliza mama yake njiani, "Mayu, uko sawa?" Akajibu kwa Kisukuma chake, "Mhola duhu." Salama tu. Mkwe yupo, angesema nini? Kwamba paja linaungua?

Nesi wa kliniki ndiye aliyemwita Minza pembeni. Ngozi ilikuwa imeshaanza malengelenge. Minza aliporudi kwangu alikuwa analia kwa hasira, na hakuweza kunieleza zaidi ya neno moja, "siti." Wakampaka dawa, tukamlaza siti ya nyuma kichwa chake kikiwa mapajani mwa Minza, nikaendesha moja kwa moja mpaka yadi. Siti ya mbele tupu, inaendelea kuwaka.

Meneja alinisikiliza akiwa amekunja mikono. Akasema gari lilitoka pale likiwa zima. Kisha akasema neno ambalo nikilikumbuka hata sasa damu inachemka.

"Mama mwenyewe si yupo? Tumuulize."

Akaenda kwenye dirisha la gari. Hakutoa hata shikamoo. Mimi nikiwa nimesimama kando yake, akamuuliza kwa sauti ya kusikika na wateja wote, "Eti mama, siti imekuunguza? Wapi?"

Mama akavuta khanga mpaka machoni. "Mhola duhu," akasema.

"Umesikia, msomi? Mama anasema salama."

Mwanangu, yule kijana si mgeni wa huku. Ni Msukuma, ana mama mkwe wake Shinyanga vijijini. Alijua fika kwamba mama yule hawezi kutaja paja lake mbele yangu, na ndiyo maana akamuuliza mbele yangu. Alichukua heshima tuliyolelewa nayo wote wawili akaigeuza kuwa ushahidi wa uongo. Kuuza gari bovu ni wizi wa kawaida. Hili mpaka leo sijalipatia jina.

Nilitaka kupiga kelele. Minza akatoa kichwa dirishani. "Baba Kulwa," akaniambia taratibu, "ondoka hapa."

"Niende wapi, na huyu ananidharau?"

"Nenda getini. Utupe mgongo."

Nikaenda. Nikasimama natazama barabara kama mtu aliyefukuzwa. Nyuma yangu nikasikia mlango wa gari unafunguliwa, kisha sauti ya mama mkwe, ambayo sikuwahi kuisikia ikiwa kubwa vile, ila maneno sikuyapata. Sehemu moja tu Minza alinisimulia baadaye. Mama alimwambia yule meneja, "Wewe si mkwe wangu, wewe ni mtoto wa watu. Kaa hapo mbele, nikueleze nikiwa nakuona." Mengine hajanisimulia mpaka leo, nami sijauliza.

Nilipogeuka, meneja alikuwa kwenye siti ya mbele, injini inanguruma, wateja wamezunguka. Alijikaza. Akahamia tako moja, akahamia la pili. Mama anazungumza tu, hana haraka. Mwishowe kijana akatoka, suruali ameishika kwa nyuma.

Akanifuata getini. "Samahani, mkubwa," akasema.

"Mimi nimeungua wapi?"

Akarudi kwenye gari. Safari hii aliinama dirishani. "Shikamoo, mama. Pole." Akajibiwa marahaba. Hita yote iling'olewa siku hiyo hiyo, mbele ya macho yetu. Kovu la mama halikung'olewa, na Minza anasema mpaka leo akikaa vibaya linamuuma.

Sasa na wewe unakwenda kukaa nyuma ya meza kama ile. Mteja akija akisema kitu kinaunguza, usimpe jibu ukiwa kwenye kiti chako. Inuka, ukakae alipokaa yeye, kwa muda aliokaa yeye, kwenye barabara aliyopita yeye. Usiseme kimepona kwa sababu fundi amesema kimepona. Mwambie akuonyeshe alichokitoa na alichokiweka. Na mtu akikwambia salama tu, tazama kwanza ni nani amesimama karibu naye. Wakikuagiza umuulize mama wa watu swali ambalo hawezi kulijibu hadharani, kataa, hata kama anayekuagiza ndiye anayekulipa. Ukifukuzwa kwa hilo, njoo kwangu. Chumba kipo.

Nenda kazini, mwanangu. Mungu akupe kauli njema na macho ya kuona, na siku utakapooa, mama mkwe wako apande gari lako, na akisema mhola, iwe mhola kweli.