Mguu Mpya wa Fremu

Bonaventura Sulle ametengeneza milango ya nusu ya kata ya Daudi, na ukimuuliza atakuambia ni zaidi ya nusu. Mwaka jana alipata kiharusi. Maneno yalimrudia yote, tena na nyongeza, lakini mkono wa kulia haukurudi. Unashika kikombe, haushiki msumeno.

Masika haya mvua ilipiga mlango wake wa mbele hadi mguu wa fremu ukaoza. Ukibonyeza, kidole kinazama. Mzee aliutazama wiki nzima, kisha akampigia Hilary, fundi kijana wa Maretadu, aje Jumamosi aweke fremu ya chuma na anunue vifaa vyote vya useremala vya mzee. Mimi ni jirani yao, nilimsikia, na niliumia. Bila vifaa vile, mtu yule angekaa barazani kungoja nini?

Mkewe, Efrazia, hakubishana. Jumatano alichukua msumeno, akapiga magoti mlangoni.

"Baba Doris, nionyeshe pa kukata."

"Mama Doris, acha mchezo."

"Nimekushikia mbao miaka thelathini. Nionyeshe."

Huku kwetu mwanamke kushika msumeno ni habari ya kufika mnadani. Nakiri nilisimama uani kwangu nikisubiri kucheka.

Mzee akagonga fremu kwa mpini wa nyundo, mkono wa kushoto, kuanzia chini kwenda juu. Palipooza paliitika kwa uzito. Sauti ilipokuwa kavu, akapanda vidole vinne zaidi, akachora mstari wa mshazari kwa mkaa. Efrazia akakata. Msumeno ukapinda, mzee akafoka. Efrazia akaweka msumeno chini.

"Samahani, fundi," mzee akasema, na kwa mara ya kwanza tangu augue nikamsikia akicheka.

Kipande kipya kilitoka darini, saipresi iliyokauka miaka miwili juu ya jiko. Wakakiunga kwa gundi na skurubu, wakakipaka oili chafu, wakakikalisha juu ya jiwe bapa kisinywe maji kama mguu wa kwanza. Kosa lile lilikuwa la mzee mwenyewe: alipokuwa na haraka ya kuoa alizika mguu wa fremu ndani ya saruji.

Jumamosi Hilary akafika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Hilary akafungua mlango, akafunga. Haukukwaruza. Kwa kuwa fremu ya chuma haikuhitajika tena, akaanza kutia vifaa kwenye gunia: randa, patasi, nyundo. Akanyoosha mkono kwenye msumeno.

"Huo acha," mzee akasema.

"Tulikubaliana vyote, mzee."

"Huo si wangu. Muulize mwenyewe."

Efrazia alikuwa ametoka jikoni, anafuta mikono kwenye kitenge. Akauchukua msumeno.

"Siuzi," akamwambia Hilary. "Na hiyo randa irudishe, pamoja na hivyo vingine. Jumatatu tuna dirisha la jirani."

Jirani ni mimi. Nilikwenda kumwomba Efrazia Ijumaa jioni.