Mvumo wa Kisanduku cha Sola

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa saba, baridi ya Endabash ikiwa kali, tulipompoteza mama mkwe wangu. Nakumbuka siku ile, mwanangu, na nitakueleza ilivyokuwa.

Nilikuwa nimeolewa karibuni, nina mtoto mchanga. Maziwa yangu hayakutosha, hivyo mtoto alitegemea ya Malkia, ng'ombe wetu. Malkia alilala ndani upande mmoja wa nyumba, sisi upande wa pili, kama wengi kwetu. Bura, mume wangu, alifunga sola, na kile kisanduku cha kubadili umeme akakitundika ukutani, karibu na ng'ombe. Kikiwashwa kilivuma, sauti nyembamba kama ya mbu. Malkia akawa anarusha mateke, hashushi maziwa.

"Bura, kisanduku chako kinanung'unika kuliko mkeo," mama mkwe alisema.

"Chenyewe angalau kinatoa mwanga, mama."

Tulicheka, hata mimi.

Jumapili ile tulikwenda kanisani na mtoto, mama akabaki akamue. Tukiwa mlangoni akasema, "Sitakizima, simu za majirani zinachaji. Nitakifunika blanketi, mjukuu wangu apate maziwa."

Hakuna aliyemkataza. Hatukujua.

Tuliporudi, nyumba ilikuwa imeungua na paa limeanguka. Malkia alikuwa amesimama kwenye maharage, kamba yake imekatwa kwa kisu. Mama hakutoka.

Fundi wa Karatu alikuja msibani. Alitueleza taratibu kwamba ndani ya kisanduku mna waya uliozungushwa kwenye chuma. Umeme ukipita huku ukigeuka-geuka, vitu hivyo hutetemeka kidogo mno, na mtetemo huo ndio sauti. Chaja nazo huvuma hivyo. Si ubovu. Na ndani mna feni ya kukipoza. Ukiifunika, joto hukosa pa kutokea, kisanduku kikawaka moto.

Basi mwanangu, chombo kikivuma kama siku zote, kiache kipate hewa. Kikibadili sauti, kikaanza kutatarika au kunuka, kizime, uite fundi. Na usilolijua kuhusu chombo cha nyumbani mwako, uliza kabla hujakigusa. Mungu ailinde nyumba yako, na wote wanaolala humo waamke.

Jioni ya mazishi nilimkamua Malkia nje, penye ukimya. Hakurusha teke. Alishusha maziwa yote, na mtoto akanywa.